Nyumba ya Kangari na Kifua Changu

Mlango wa mbele wa nyumba yetu ya Kangari ni mpana kuliko mlango wa kanisa ninalosali, na sababu yake ni jeneza. Sitanii. Siku fundi alipouliza mlango uwe wa upana gani, mdogo wa mume wangu, ambaye ni katibu wa kamati ya familia na mshauri wa mambo yote yasiyomhusu, alisimama juu ya msingi, akatanua mikono, akasema, "Hapa weka mlango ya kufunguka mbili. Watu wanne wapite wakibeba bila kuinamisha." Fundi akaitikia kwa kichwa. Mume wangu naye akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa kando, nimejifunga skafu mbili, nikivuta dawa ya kifua kwa inhela kwa sababu ya ukungu.

"Wabebe nini, shemeji?" nikauliza.

"Ai, Mwalimu. Si hata wewe unajua."

Nilijua. Ndiyo maana nilikasirika.

Mimi ni mgonjwa wa pumu. Nimekuwa nayo tangu utotoni, na miaka yote niliyofundisha shule ya msingi mjini Nyeri niliishi nayo kama mtu anavyoishi na jirani mgomvi: unajua siku zake, unajua kinachomchokoza, unapita kando. Kinachoichokoza yangu ni baridi, ukungu na moshi. Mimi na mume wangu, ambaye alikuwa karani katika ofisi ya maji, tulikuwa tumepanga nyumba upande wa chini wa mji, na hospitali ilikuwa karibu kiasi kwamba nikibanwa ningeweza kujikokota hadi pale kwa miguu. Julai na Agosti zilikuwa mbaya. Miezi mingine nilisukuma siku.

Tulipostaafu, mmoja baada ya mwingine, likaja swali la tuishi wapi. Daktari aliyekuwa akinitibu hakuzunguka mbuyu. Aliniambia kifua changu kimechoka, kwamba sasa umri unausaidia ugonjwa badala ya kunisaidia mimi, na kwamba nikipata nafasi ya kuchagua nichague mahali pa chini, penye joto, pasipo na moshi, na karibu na hospitali. Nikamuuliza kuhusu Kangari, kwa sababu huko ndiko kwa kina mume wangu. Akaniangalia juu ya miwani yake.

"Kangari ni pazuri sana kwa majani ya chai," akasema.

Basi haja yangu ilikuwa moja tu, kupumua. Sikutaka roshani, sikutaka ng'ombe wa gredi, sikutaka kufungua dirisha asubuhi nione mlima. Najua watu wakitafuta mahali pa kuishi hupima mengi: maji, lami, soko, majirani wa kanisa moja. Mimi hayo yote ningeyaacha, mradi nilale na kuamka nikiwa hai. Sikufikiri ni ombi kubwa.

Lakini huku kwetu milimani mtu haulizwi anaishi wapi. Anaulizwa kwao ni wapi, na jibu si mahali anapolala, ni mahali atakapozikwa. Unaweza kupanga chumba Nyeri, Thika au Nairobi miaka yote ya kazi, wala hakuna atakayekudharau, ilimradi huko kwa baba yako umeanza kuinua kuta za mawe. Pita barabara yoyote ya huko kwenye chai utaziona nyumba zenyewe: kubwa, mabati ya rangi, mapazia yamefifia kwa jua nyuma ya vioo, nyasi zimepanda hadi kwenye ngazi, na kule nyuma, katika jiko la mbao, binamu fulani analinda akiwa na kuku wake. Wenye nyumba wako mjini. Nyumba hufunguliwa Krismasi na hufunguliwa kwa mazishi. Siku ya mazishi mahema husimamishwa uani, mchungaji huhubiri akiwa barazani, na watu wakirudi makwao husemezana, "Alikuwa amejenga." Hiyo ndiyo sifa. Sijawahi kwenda mazishi nikasikia mtu akisema marehemu alikuwa anapumua vizuri.

Mume wangu ni kifungua mimba, na baba yake alimwachia kipande cha juu kabisa cha shamba, pale ukungu unapotua kwanza na kuondoka mwisho. Kamati ya familia ikakaa kuzungumzia nyumba yetu, kwa sababu katika familia ile hata mbuzi hanunuliwi bila kikao. Tulikutana katika nyumba ya mbao ya marehemu baba mkwe, kuni zikiwaka mekoni, mlango umefungwa kuzuia baridi. Nilisimama nikaeleza maneno ya daktari. Nilieleza taratibu, kwa Kiswahili changu cha darasani, vile nilivyozoea kuwaeleza watoto wa darasa la nne mvua inatoka wapi. Nikasema Murang'a mjini si mbali, kuna joto, kuna hospitali, na mzee wangu anaweza kupanda Kangari kila siku ya kuchuma chai akarudi jioni.

Shemeji akakohoa, kikohozi cha mtu mwenye afya njema.

"Mwalimu, sisi hatukatai daktari," akasema. "Lakini hii baridi wewe unaiweka kwa akili sana. Si ulizaliwa Nyeri? Huko ni jangwa?"

"Hata Nyeri inaniumiza. Huku ni zaidi."

"Na kifungua mimba akae nyumba ya kupanga, na ako na shamba? Watu watasema nini? Ati ndugu zake tulimfukuza?" Akawageukia wengine. "Mwacha mila ni mtumwa."

Wazee wakaguna kukubali. Mmoja wao, ndugu wa baba mkwe, mtu mpole niliyemheshimu na ninayemheshimu mpaka leo, akainua fimbo yake kidogo na kuleta suluhisho. "Huyu mama anaogopa baridi," akasema. "Si mumjengee mahali ya moto kwa sebule? Zile ziko na bomba, za wazungu. Akuwe anaota."

Wote wakafurahi. Shemeji alipiga makofi. Wanasema penye wazee hapaharibiki neno, na siku ile neno liliharibika mbele ya wazee wote, likapokelewa kwa shangwe. Mgonjwa wa pumu alikuwa ametengewa moshi wake mwenyewe, ndani ya nyumba, kwa heshima zote.

Nilimtazama mume wangu. Niliamini atasema neno. Si mtu wa maneno mengi, lakini aliijua pumu yangu kuliko mtu yeyote mle ndani, alikuwa amenikimbiza hospitali akiwa amevaa viatu visivyolingana. Alitazama sakafu. Shemeji alipomuuliza, "Ama namna gani, mkubwa?" akaitikia kwa kichwa. Njiani kurudi Nyeri sikumsemesha. Tulivuka Murang'a yote, joto lake likiingia kupitia dirisha la gari, nami nikiwa nimeshika mdomo wangu kwa mkono ili nisiseme kitu ambacho ningekijutia.

Kabla msingi haujachimbwa alinikubalia jambo moja, kwamba tutazame mahali pengine kwanza. Nadhani alifikiri nitachoka. Nilikuwa na rafiki tuliyefundisha naye, aliyehamia Doldol akafungua duka la dawa za mifugo, na kila aliponipigia simu alinisifia hewa ya huko, kavu kama biskuti. Tukaenda kupitia Nanyuki, tukalala kwake. Asubuhi ya kwanza niliamka, nikavuta hewa, ikaenda mpaka mahali nilipokuwa nimesahau kwamba papo. Nilikaa kitandani nikipumua tu, nikijionea raha. Mume wangu alikuwa ameshatoka nje, anatembea huku na huku akitazama barabara.

Bahati mbaya kesho yake ilikuwa siku ya soko. Mbuzi waliletwa, kondoo wakaletwa, ng'ombe wakaletwa, na vumbi lao likasimama juu ya mji mchana kutwa. Ilipofika saa sita nilikuwa nimejifungia chumbani kwa rafiki yangu na inhela mkononi. Kliniki iliyokuwa karibu ilikuwa imefungwa, na hospitali kubwa ilikuwa ile tuliyoipita juzi tukiwa njiani. Rafiki yangu akakaa kando yangu kitandani akinipepea.

"Hapa siku sita za wiki utapona," akasema. "Ya saba ndiyo tutakuzika."

Nilicheka mpaka nikazidiwa. Mume wangu hakucheka. Swali pekee alilomuuliza rafiki yangu katika safari ile nzima lilikuwa kama gari la kubeba mtu linaweza kupita barabara ile mvua ikinyesha. Hakusema mtu mgonjwa au maiti. Mimi nilisikia maiti, na nilichukia. Nilimwona kama ndugu yake, tofauti tu ni kwamba yeye alipima barabara badala ya mlango.

Halafu nikapata nyumba ya Murang'a. Ilikuwa vyumba viwili na jiko, chini kabisa, hakuna ngazi, kwenye ua wa mama mmoja Mwislamu anayeuza vitambaa sokoni. Kutoka langoni hadi hospitali ni mteremko mfupi na kipande cha lami. Mwenye nyumba hakuniuliza kwetu ni wapi. Hakuniuliza kwa nini nyumba ni ya kupanga na nina mvi. Aliniuliza nitapikia nini.

"Gesi," nikasema.

"Sawa, mama. Makaa sitaki, mimi. Yanatia masizi dari yangu, na nikiipaka rangi wapangaji wanataka nisiongeze kodi."

Nilitaka kumkumbatia. Mwanamke ambaye tumekutana asubuhi hiyo alikuwa amepiga marufuku moshi bila hata kujua nina pumu. Nilipumua mle chumbani, nikapumua tena, nikamgeukia mume wangu aliyekuwa bado amesimama nje. Alikuwa anautazama ua, kamba ya nguo, tangi la maji, pikipiki ya mpangaji mwingine.

"Hapa hata hema moja haiwezi ingia," akasema.

Naapa nilimsikia vizuri. Tulikuwa tunatafuta nyumba ya kuishi, mume wangu akapima nafasi ya hema. Nilimwambia mwenye nyumba tutampigia simu. Nilijua hatutapiga, na nilipanda gari nikiwa na uchungu wa kumpiga mtu.

Kwa hiyo tukajenga. Kiinua mgongo chetu chote, chake na changu, kilipanda juu Kangari kikawa mawe. Mlango ulikuwa kama nilivyosema. Sebule ilikuwa kubwa kiasi kwamba ukiita mtu upande wa pili inabidi umwite mara mbili. Uani palisawazishwa, migomba ikang'olewa, mahema yapate pa kukaa. Mahali pa moto palijengwa na fundi ambaye hakuwahi kupaona popote isipokuwa kwenye picha ya simu ya shemeji, na tangu siku ya kwanza bomba lake lilikataa kazi. Moshi ulipanda kidogo, ukafikiri, ukarudi chini. Fundi akasema utazoea. Hakusema nani atazoea, moshi au mimi.

Sherehe ya kuingia nyumba ilipangwa Agosti, kwa sababu shule zimefungwa na watu wako nyumbani. Nilisema Agosti ni mwezi mbaya kwangu. Shemeji akasema kadi zimeshachapishwa. Hivyo tukaingia Kangari Agosti, siku ambayo ukungu ulikuwa mzito hata uliposimama barazani hukuona lango. Nyuma ya nyumba vijana walikuwa wanachoma mbuzi kwa kuni mbichi za mkaratusi. Wanawake wa familia na wa kanisa walikuja wakiimba, kama ilivyo desturi, wamebeba shuka, sufuria, makapu ya viazi, unga na sukari, nami ilinipasa nisimame mlangoni nikiwapokea mmoja mmoja kwa kumbatio. Na sebuleni, kwa ajili yangu, kwa mapenzi kabisa, yule mzee mpole alikuwa ameamuru moto uwashwe.

Nilianza kubanwa kabla mstari wa wanawake haujafika nusu. Nilivuta inhela mara ya kwanza kwa siri, nikiwa nimejigeuza, ili wasifikiri nawakimbia. Mara ya pili sikujificha. Baada ya hapo hewa ilikataa. Asiyekuwa na pumu hudhani unakosa kuvuta hewa ndani. Shida ni kuitoa. Kifua kimejaa, unatoa, haitoki, unaongezea nyingine juu yake. Nilikaa kwenye kiti, nikashika magoti, nikaona wimbo unakufa mdomo kwa mdomo kuanzia walio karibu nami.

Walinibeba na kiti changu. Wanaume wanne, mmoja kila mguu wa kiti, tukapita ule mlango wa kufunguka pande mbili bila kuinamishwa hata kidogo. Shemeji alikuwa mbele akisafisha njia, na katika hali ile, midomo yangu ikiwa imeanza kubadilika rangi, nilimsikia akisema, "Pitisheni tu, mlango ni kubwa." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaogopa kuliko watu wote pale. Lakini nikipata siku ya kumsamehe mambo yote, hilo nitaliweka mwisho.

Nilipakiwa kwenye pikapu iliyoleta viti vya kukodi, tukateremka. Ile barabara ina kona nyingi, na kila kona mume wangu, aliyekuwa amenishikilia, alikuwa akisema, "Bado kidogo, Mwalimu. Bado kidogo." Hospitalini Murang'a waliniweka kwenye mashine ya mvuke. Nilivuta hadi jioni. Nilipoweza kusema, mume wangu alikuwa ameketi kando ya kitanda, kofia iko gotini, suti yake ya sherehe inanuka mbuzi na moshi.

"Sirudi huko juu," nikamwambia.

Akanivutia blanketi hadi shingoni.

"Nyinyi nyote mnajua nitazikwa wapi. Mmepima mlango, mmepima uwanja, mmepima mahema. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nitapumulia wapi."

Aligeuza kofia, akaigeuza tena. Kisha akainuka akaenda kunitafutia uji. Nilitamani abaki abishane nami. Mtu akibishana nawe unajua mko wawili.

Sikumngojea aamue. Nilimpigia simu yule mama wa vitambaa, akaniambia vyumba viko wazi tena, mpangaji aliyeingia katikati alihama kwa kelele za pikipiki. Nilitoka hospitali nikaingia Murang'a moja kwa moja, na shuka niliyotandika siku ya kwanza ilikuwa mojawapo ya zawadi za sherehe, bado imekunjwa. Mume wangu alipanda Kangari, akasema anaenda kufunga nyumba. Nikasema moyoni, huyo basi. Nyumba imepata mwenyewe.

Baada ya siku chache alirudi. Alikuja na sanduku moja, redio na gunia la viazi, akaniuliza gunia aliweke wapi. Hakusema amekuja kukaa. Hakusema anapita. Alitundika koti lake nyuma ya mlango, na hadi leo koti liko pale.

Watu walisema yao. Kanisani Kangari wakasema Mwalimu amemkataa mzee na nyumba yake ya mawe. Sokoni wakasema mzee amekaliwa chapati, eti nimemlisha kitu cha kumtiisha. Shemeji akawa anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada. "Mkubwa, nyumba inalia," anasema. "Popo wameingia kwa dari. Utarudi lini?" Mume wangu anajibu, "Tutaona," na hiyo "tutaona" yake ilinichoma kuliko maneno yote ya kanisani. Ilinionyesha mtu anayehesabu kifungo chake.

Maana alikuwa anateseka waziwazi. Huyu ni mtu wa sweta. Amezaliwa kwenye ukungu, amevaa sweta tangu darasa la kwanza, na hata huku Murang'a alikataa kuivua. Mchana anakaa kivulini kwa ukuta wa tangi, anajipepea na gazeti, jasho linamtoka, mbu wanamla vifundo. Hana wenzake wa kucheza drafti kama Nyeri. Hana ndugu kama Kangari. Siku za kuchuma chai anapanda juu na basi la asubuhi, jioni anarudi amechangamka, halafu kesho yake anarudi kwenye ukuta wa tangi. Nilipomwambia avue sweta alisema yuko sawa. Nilipomuuliza kama anataka twende tutembee alisema yuko sawa. Nilikuwa nimepata pumzi yangu, nayo ilikuwa inaniudhi kwa sababu kila nilipoivuta nilimwona yeye anailipia.

Nilivumilia miezi. Kisha asubuhi moja, tukinywa chai, nikaona mikono yake imejaa vipele vya mbu, na nikachoka kabisa. Nikaweka kikombe chini.

"Mzee, rudi Kangari," nikamwambia. "Sitakasirika. Nasema kweli. Utakuwa unakuja Jumamosi. Mimi najua vile mtu anakaa mahali mwili wake hautaki. Sitaki hiyo ikupate kwa sababu yangu."

Akatafuna mkate wake mpaka ukaisha.

"Mimi niko sawa hapa."

"Uko sawa wapi? Unajipepea kutwa nzima. Mbu wamekumaliza. Hujapata rafiki hata mmoja. Niambie ukweli mara moja tu katika maisha haya. Wewe unataka kuishi wapi?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jambo la lugha nyingine. Nikatambua kwamba katika vikao vyote vile, na misingi, na fundi, hakuna aliyewahi kumuuliza naye. Alizaliwa wa kwanza, akakuta jibu limeshawekwa.

"Hapa," akasema.

"Kwa nini hapa?"

"Hapa mimi nalala."

Sikuelewa. Akaendelea kwa sauti ya chini, akitazama kikombe. "Kule Nyeri ulikuwa unafanya ile sauti ya kifua usiku. Wewe unalala, husikii. Mimi nasikia. Nikisikia iko, najua uko. Ikinyamaza nafungua macho, naweka mkono kwa mgongo yako nione kama inapanda. Hiyo miaka yote, Mwalimu. Kazini walikuwa wanasema mimi ni mtu ya kusinzia." Akasugua vipele vyake. "Hapa hakuna hiyo sauti. Nikiweka kichwa chini ni asubuhi. Mbu wacha waume."

Niliukumbuka huo mkono. Nilikuwa nikiuhisi usingizini na kuusukuma, nikidhani anatafuta joto.

Halafu hasira ikanipanda, hasira ambayo sijapata kuwa nayo kwa shemeji wala kwa kamati wala kwa ule moto wa sebuleni. "Ulijua," nikasema. "Ulijua kuliko daktari. Na ukakaa katika kile kikao ukaitikia kwa kichwa."

"Ningewaambia nini? Ati mimi, mtu mzima, naogopa usiku?"

"Ungewaambia hivyo hivyo."

"Mbele ya ndugu zangu?"

"Mbele ya ndugu zako. Mbele ya fundi. Mbele ya mbuzi."

Nikainuka nikafunga mlango wa jiko, mwenye nyumba asisikie, kisha nikarudi nikasimama mbele ya mume wangu. Nilikuwa na maneno ya mlango, na ya hema, na ya barabara ya Doldol, na ya kila alipotazama sakafu wakati nilipomhitaji anitazame mimi. Nilikuwa na maneno ya miaka, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nilikuwa na pumzi ya kuyasema yote. Niliyasema yote, mpaka la mwisho, bila kusimama kuvuta inhela, naye akakaa na sweta yake akayasikiliza.